Kisu Kinachofuata Mstari: Matumizi ya Mashine Ndogo ya Kukatia Stika

Mashine ndogo ya kukatia stika ni chombo cha mezani kinachopokea mchoro kutoka kwenye kompyuta na kuuchora kwa ncha ya kisu badala ya wino, juu ya plastiki nyembamba yenye gundi upande wa nyuma. Plastiki hiyo, ambayo mafundi huiita vinaili, huuzwa ikiwa imebandikwa kwenye karatasi iliyopakwa silikoni, nayo mashine huikata vinaili bila kuitoboa karatasi iliyo chini yake, ili umbo linalotakiwa libaki mahali pake wakati ziada inapobanduliwa kwa mkono. Kwa hiyo mashine hii haichapishi rangi, haitii kivuli, wala haiwezi kutoa picha ya sura ya mtu yenye mwanga na giza. Rangi ni ile ya vinaili iliyonunuliwa, na umbo lote ni mstari. Hata hivyo, jina la duka la dawa mlangoni, namba ya simu ubavuni mwa bajaji, maneno ya kheri kwenye kioo cha nyuma cha gari na jina la mchezaji mgongoni mwa jezi, vyote hivyo ni kazi ya mistari, na ndiyo sababu mashine yenye upana wa kukata wa sentimita 30 hivi humtosha mtu anayeanza kazi hii nyumbani au katika kibanda cha biashara.

Wanagenzi wengi huielekeza hofu yao yote kwenye mashine, wakidhani kwamba ubora wa stika unatokana na bei ya chombo. Ukweli ni kwamba sehemu ya mashine ndiyo fupi kuliko zote; stika ya jina la duka hukatwa kwa dakika chache, ilhali uzuri au ubaya wake huwa umekwishaamuliwa na mchoro uliotangulia na kipimo cha kisu, kisha hukamilishwa au kuharibiwa na mkono unaobandua na kubandika. Mtu anayelielewa jambo hili mapema hutoa kazi safi kwa mashine ya bei ya chini, na asiyelielewa huharibu vinaili hata akiwa na mashine ya viwandani.

Ili kuona sababu ya jambo hilo, inafaa kuangalia mashine yenyewe inajua nini. Kampuni ya Marekani ya Gerber ilipotoa mwaka 1983 mashine iliyoitwa Signmaker III, ambayo ilikata herufi za vinaili kwa kuongozwa na kompyuta, kazi iliyokuwa ya brashi na mkono wa fundi wa mabango ilianza kuhamia kwenye kisu. Mashine nyingi za leo bado huelewa lugha ya amri inayoitwa HPGL, iliyobuniwa na kampuni ya Hewlett-Packard kwa ajili ya mashine za kuchora kwa kalamu, ambamo amri moja huinua kalamu, nyingine huishusha, na kila milimita 1 hugawanywa katika vipimo 40. Ndani ya lugha hiyo hakuna herufi, neno wala alama ya biashara. Kuna nukta ya kuanzia, nukta ya kwenda, na kisu kilichoinuliwa au kushushwa. Mistari miwili ikipishana katika mchoro, kisu kitakata yote miwili, hata kama kwenye kioo cha kompyuta rangi imeufunika mmoja wao, na mstari ukichorwa mara mbili mahali palepale, kisu kitapita mara mbili na kuifikia karatasi ya chini.

Mwendo wa mashine unatokana na vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Roli za mpira huikandamiza vinaili juu ya mhimili wenye meno madogo sana, na mhimili huo huisukuma vinaili mbele na nyuma, huku kichwa kilichobeba kisu kikienda kushoto na kulia. Kisu chenyewe hakigeuzwi na mota, bali kimewekwa ndani ya kishikilio kinachokiruhusu kuzunguka kwa uhuru, na ncha yake haiko katikati ya mhimili wake ila imesogea pembeni kidogo, kwa kawaida robo ya milimita, hivyo kisu huburutwa na kujielekeza chenyewe kufuata mwendo. Umbali huo wa ncha huandikwa katika programu ili mashine ijue namna ya kuzunguka kwenye pembe. Ukiandikwa mdogo kuliko ulivyo, pembe za herufi kama K na N hutoka zikiwa za mviringo. Ukiandikwa mkubwa, pembe hizo huota vijisikio. Fundi anayezijua dalili hizi mbili hawezi kuilaumu vinaili kwa kosa ambalo ni la tarakimu moja ndani ya kompyuta.

Katika mchoro ndimo kazi nyingi huharibikia. Picha za kompyuta ni za namna mbili: zipo zinazoundwa na nukta nyingi za rangi, kama picha za simu, na zipo zinazoundwa na mistari iliyohifadhiwa kwa hesabu, ambazo huitwa vekta. Mashine ya kukata hufuata vekta pekee. Mteja, hata hivyo, huleta alama ya biashara yake kwa njia ya WhatsApp, ikiwa picha iliyobanwa na yenye ukungu kingoni, na mwanagenzi huiingiza katika programu na kuiamuru iigeuze kuwa mistari. Programu itatii, lakini itaufuata pia ukungu, na duara lililopaswa kuwa na nukta nne za mstari litapata nukta mia moja, kila moja ikiwa mahali pa kisu kusita na kutetemeka, mpaka ukingo wa stika utoke kama uliotafunwa. Kwa alama rahisi ni heri kuichora upya kwa mkono juu ya picha hiyo, kwa nukta chache iwezekanavyo. Umbo la korosho linalopamba kanga nyingi za pwani ni zoezi zuri katika hili, kwa kuwa mpindo wake mzima unaweza kushikwa na nukta zisizofika kumi, na anayefaulu kulichora kwa uchache huo amekwishajifunza sehemu kubwa ya ufundi. Programu ya Inkscape, ambayo hutolewa bila malipo, inatosha kabisa kwa kazi hii.

Mambo matatu yanahitaji kufanywa kabla mchoro haujapelekwa kwenye mashine. La kwanza ni kuyageuza maandishi kuwa mistari, ili fonti isibadilike faili inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine. La pili ni kuukumbuka unene wa mstari: mchoro wa mstari mnene huonekana kwenye kioo kama utepe, lakini mashine huona njia moja tu katikati ya utepe huo na kukata mpasuo mmoja usio na upana, kwa hiyo mstari wa namna hiyo sharti ugeuzwe kwanza kuwa umbo lenye kingo mbili. La tatu ni kuyaunganisha maumbo yanayopishana. Katika fonti za mwandiko wa kuunganisha kila herufi huingia kidogo ndani ya jirani yake, na zisipounganishwa kuwa umbo moja, kisu hukata pale zinapokutana na neno likawa vipande vipande.

Jambo hilo la tatu huwa zito zaidi katika maandishi ya Kiarabu, ambayo huagizwa sana Zanzibar, Mombasa na Lamu kwa ajili ya vioo vya magari, milango ya maduka na kuta za sebuleni. Herufi za Kiarabu hubadili umbo kulingana na mahali zilipo katika neno na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na programu isiyoijua kanuni hiyo huzipanga mojamoja, zikiwa zimetengana na kugeuzwa mpangilio, bila kutoa onyo lolote. Fundi asiyeisoma hati hiyo hawezi kuliona kosa, na mteja huligundua wakati stika imekwishabandikwa. Zaidi ya hayo, herufi ba, ta na tha zina kiwiliwili kimoja katika sehemu nyingi za neno na hutofautishwa kwa nukta pekee, moja chini, mbili juu au tatu juu, na nukta hizo ndizo vipande vidogo kuliko vyote kwenye karatasi. Bismillahi yenyewe huanza na ba, na nukta yake ikibanduka pamoja na ziada, kasoro huwa kwenye herufi ya kwanza kabisa. Kwa kazi ya namna hii inapasa maandishi yaliyotayarishwa yasomwe na mtu anayeijua hati kabla ya kukatwa, na nukta zipewe ukubwa unaoweza kushikwa na gundi, hata kama katika fonti ya asili zilikuwa ndogo zaidi.

Ukubwa wa herufi kwa jumla huamuliwa na mambo mawili, yaani uwezo wa kisu na umbali wa msomaji. Herufi zenye kimo kilicho chini ya sentimita 1 humpa taabu mtu asiye na uzoefu, na viungo vyembamba kuliko milimita 1 na nusu hung'oka kwa urahisi. Kuhusu umbali, kanuni inayotumiwa na waandishi wa mabango ni kwamba kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kabisa kwa umbali wa mita 3, hivyo namba ya simu inayotakiwa kusomwa kwa raha na mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 12 kutoka hapo, inahitaji kimo cha sentimita 10. Mteja anapotaka anwani, namba tatu za simu na orodha ya huduma zote katika mlango mmoja, ni wajibu wa fundi kumweleza kwamba maneno machache makubwa yatasomwa na mengi madogo hayatasomwa. Mafundi wa rangi na brashi walilijua jambo hili vizuri, pamoja na lile la kupanga nafasi kati ya herufi kwa jicho badala ya rula, na mwanagenzi wa vinaili atafaidika sana akiyatazama kwa makini mabango yao ya zamani.

Vinaili nayo si ya aina moja. Iko inayotengenezwa kwa kukandamizwa kati ya roli zenye joto mpaka iwe nyembamba, na unene wake huwa karibu maikroni 70 hadi 80, maikroni ikiwa sehemu ya 1,000 ya milimita. Na iko inayotengenezwa kwa kumiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa katika tanuri, yenye unene wa maikroni 50 hivi. Ya kwanza ni ya bei nafuu, lakini kwa kuwa ilivutwa ikiwa ya moto, hubaki na tabia ya kutaka kurudi katika umbo lake, hivyo baada ya muda hujikunja kidogo na kuacha mstari wa gundi unaodaka vumbi pembezoni mwa herufi. Ya pili haina mvuto huo, hulala vizuri juu ya mabonde na miinuko ya bodi ya gari, na hudumu nje kwa miaka mingi zaidi. Kwa kioo cha duka, ndoo ya mauzo au sanduku la vifaa, ya kwanza inatosha; kwa gari linalolala juani, tofauti ya bei ya aina ya pili hurudishwa na kazi isiyorudiwa. Miaka ya kudumu inayotajwa na watengenezaji hupungua panapokuwa na jua kali, na rangi nyekundu na za kung'aa kwa kawaida hupauka mapema kuliko nyeusi na nyeupe, jambo ambalo mteja ana haki ya kuelezwa kabla hajachagua.

Uso unaobandikwa nao huchagua vinaili. Kioo, chuma kilichopakwa rangi na plastiki ngumu yenye kung'aa hupokea gundi vizuri, lakini matangi ya maji na madumu, ambayo hutengenezwa kwa plastiki ya polithini, hayashikani vizuri na gundi za kawaida hata yakisuguliwa namna gani, na stika iliyobandikwa juu yake kwa gundi ya kawaida huachia kingo baada ya siku chache; huko inahitajika vinaili yenye gundi kali iliyokusudiwa kwa plastiki za jamii hiyo. Ukuta uliopakwa rangi karibuni unapaswa kuachwa wiki kadhaa, kwa sababu rangi huendelea kutoa hewa ambayo hunaswa chini ya stika na kufanya malengelenge.

Kisu kwa kawaida huwa na ncha ya nyuzi 45, inayofaa vinaili za kila siku, au nyuzi 60, inayofaa vitu vinene kama vinaili ya manyoya ya kubandika kwenye nguo na vinaili inayoakisi mwanga. Urefu wa ncha inayochomoza ni jambo ambalo wengi hulikosea kwa kuzidisha. Kwa kuwa vinaili ina unene usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita, ncha inayotakiwa kujitokeza ni ile inayoonekana kwa shida na kuguswa kwa ukucha, na kina kinachobaki hutafutwa kwa kuongeza nguvu ya kukandamiza hatua kwa hatua, ambayo hupimwa kwa gramu na mara nyingi huangukia kati ya 80 na 120 kwa vinaili ya kawaida. Kila mara vinaili inapobadilishwa, hata ikiwa ni ya kampuni ileile kwa rangi nyingine, inapasa kukatwa jaribio la mraba na duara lenye upana wa sentimita 1 au 2 pembeni mwa karatasi. Mraba ukibanduliwa, unapaswa kutoka wote bila kubaki umeshikwa mahali popote, na karatasi ya chini ikielekezwa kwenye mwanga ionyeshe alama hafifu ya kisu isiyoipenya. Alama isipoonekana kabisa, nguvu haitoshi. Mwanga ukipita, imezidi, na vinaili itabanduka pamoja na nyuzi za karatasi kwenye gundi yake. Duara lisilofunga, ambalo mwisho wake haukutani na mwanzo, huonyesha kwamba kisu hakizunguki vizuri ndani ya kishikilio, mara nyingi kwa sababu ya unyuzi wa vinaili uliojisokota humo, au kwamba roli zimeishika vinaili kwa ulegevu. Kishikilio kinafaa kufunguliwa na kusafishwa kabla ya kununua kisu kipya, kwa maana visu vingi hutupwa vikiwa bado vikali.

Baada ya kukata hufuata kazi ya kubandua ziada, ambayo ndiyo inayokula muda na ndiyo inayotenganisha mkono uliokomaa na usiokomaa. Vinaili ya ziada hushikwa kwenye kona na kurudishwa nyuma polepole karibu sambamba na karatasi, badala ya kuvutwa juu, kwa sababu mvuto wa kwenda juu huinua pia viungo vyembamba vya herufi. Kazi ndefu hugawanywa kwa kukata ziada katika vipande, isije ikajikunja na kujibandika juu ya herufi zilizokwishasafishwa. Kisha hutolewa matundu ya ndani kwa kibanio chenye ncha kali, na maandishi ya Kiswahili yana matundu mengi, kwa kuwa karibu kila neno lina a moja au zaidi. Katika bango la bucha lenye maneno ya nyama ya ng'ombe, kipande kinachopotea kwa wepesi kuliko vyote ni kile kidogo kilicho kati ya ng na o, ambacho hufuatana na ziada bila mtu kukiona, na neno hubaki na kasoro inayoonekana na kila apitaye. Fundi makini hukibana kipande hicho, pamoja na nukta za i na j, kwa ncha ya kibanio wakati ziada inapopita juu yake, na huyasoma maandishi yote kwa sauti kabla ya kuendelea.

Herufi zilizobaki juu ya karatasi huhamishwa kwa tepu pana yenye gundi hafifu, inayobandikwa juu yake na kusuguliwa kwa kibao cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Karatasi ndiyo inayotolewa kwenye stika, kwa kuigeuza kazi kifudifudi na kuikunja karatasi nyuma yake, na herufi inayogoma hurudishwa chini na kusuguliwa tena. Uso wa kubandikia husafishwa kwanza kwa maji na sabuni, kisha kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya mikono hayaonekani na gundi haiyapendi. Stika ndogo hubandikwa kavu. Stika kubwa kwenye kioo ni rahisi zaidi ikibandikwa kwa maji yaliyotiwa matone machache ya sabuni ya maji, yanayoruhusu kuisogeza mpaka ikae sawa, kisha maji hukamuliwa kwa kibao na tepu huachwa mpaka gundi ishike. Kazi hii haifai kufanywa saa sita mchana juani. Bodi ya gari la rangi ya giza huwa ya moto kiasi cha kuidaka gundi papo hapo, na vinaili hulegea na kuvutika, hivyo stika hunyooka siku hiyo na kujikunja baadaye. Asubuhi, kivulini, ndipo mahali na wakati wake.

Kwa kuwa mashine ni ndogo, kazi pana kuliko upana wake hukatwa vipande na kuunganishwa kwa kupishana milimita 5 hadi 10. Upishanaji huo hufuata utaratibu wa mabati ya paa, yaani kipande cha juu hukilalia cha chini ili maji ya mvua yasiingie kwenye kiungo, na ubavuni mwa gari kipande cha mbele hukilalia cha nyuma ili upepo usikiinue. Stika inayobandikwa ndani ya kioo ili isomwe kutoka nje hukatwa ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, na kwa kuwa msomaji ataiona kupitia gundi, inafaa kuhakikisha kwamba gundi ya vinaili hiyo haina rangi ya kijivu. Kioo cha nyuma cha gari huwa na nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, na mara nyingi karatasi ya tinti, vyote upande wa ndani. Stika ikibandikwa humo, siku ya kuiondoa kwa wembe nyaya hukatika na tinti huchanika, kwa hiyo nje ni salama zaidi.

Vinaili ya nguo inahitaji maelezo yake, kwa sababu gundi yake huyeyushwa kwa joto na uso wake mzuri umefunikwa na plastiki angavu ya kuibebea. Huwekwa kwenye mashine plastiki hiyo ikiwa chini, na mchoro hugeuzwa kabla ya kukatwa. Kulisahau hilo ndilo kosa linaloharibu fulana nyingi za kwanza. Kwa pamba, aina nyingi huhitaji joto la nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi na mgandamizo wa sekunde 10 hadi 15. Pasi ya nyumbani inaweza kutumika kwa kazi chache iwapo haina mvuke na inakandamizwa bila kuburutwa, ingawa joto lake halilingani mahali pote. Jezi za poliesta ni jambo jingine: joto hilo huitoa rangi ya kitambaa na kuipandisha ndani ya vinaili, hata namba nyeupe juu ya jezi nyekundu ikageuka ya waridi baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, na dawa yake ni vinaili ya joto la chini iliyowekewa tabaka la kuzuia rangi. Nguo iliyobandikwa haifuliwi kabla ya saa 24 kupita, na hufuliwa ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Hali ya hewa na umeme huathiri kazi hii kuliko vitabu vya maelekezo vinavyosema. Unyevu wa pwani huingia kwenye karatasi ya nyuma na kuifanya ijikunje, kisha vinaili ikapanda na kushuka chini ya kisu. Roli za vinaili zihifadhiwe zikiwa zimesimama ndani ya mifuko yake na zisiegemezwe kwenye ukuta wenye fukuto. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mapajani huendelea kwa betri lakini mashine husahau mahali ilipoanzia, na vinaili iliyokwishakatwa nusu haiwezi kurudishwa mahali pake kwa usahihi unaotakiwa. Betri ndogo ya akiba ya kompyuta inaimudu mashine ya mezani kwa urahisi, na asiye nayo anashauriwa kuigawa kazi ndefu katika sehemu fupi.

Katika kupanga bei, kinachohesabiwa ni urefu wa roli uliotoka pamoja na muda wa kubandua, wala si eneo la herufi peke yake. Mstari mmoja wa maneno wenye kimo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 60, ukikatwa peke yake kwenye roli ya upana wa sentimita 30, huacha sehemu kubwa ya upana ikiwa mabaki, ilhali mistari mitano ya namna hiyo yenye rangi moja ingeingia katika urefu uleule. Inafaa basi kuzikusanya kazi za rangi moja na kuzikata pamoja. Kuhusu alama za watu wengine, wateja wengi huomba nembo za klabu za soka za Simba na Yanga au za kampuni za magari, na nembo hizo zina wenyewe. Nchini Tanzania zinalindwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuzikata kwa ajili ya kuuza bila idhini humweka fundi katika hatari ambayo faida ya stika chache haiwezi kuilipa. Jina la mteja mwenyewe, msemo alioutunga, au pambo lililochorwa upya na fundi halina mgogoro huo, na huleta kazi ambayo jirani hawezi kuinakili kutoka mtandaoni.

Mabaki ya kubandua hujaa haraka, na mazoea ya kuyachoma pamoja na takataka nyuma ya duka ni ya hatari, kwa sababu vinaili nyingi ni plastiki ya PVC, ambayo ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma macho na mapafu, pamoja na sumu nyingine zinazobaki kwenye majivu. Kwa sababu hiyohiyo PVC haikatwi kamwe kwa mashine ya leza, hata kama jirani anayo na inaonekana kuwa ya kasi zaidi. Gesi hiyo humdhuru mtu na kuitia kutu mashine yenyewe. Mabaki hukusanywa, hubandikwa kwenye karatasi zilizotumika ili gundi isishike kila kitu, na hupelekwa kwenye gari la taka, huku vipande vipana vikihifadhiwa kwa rangi zake, kwani herufi ndogo na majaribio ya kisu hukatwa humo bila kuigusa roli mpya.